Dola Nililolilaza kwa Goti

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mimi bado nilikuwa na nguvu za kubeba rola la zulia begani na kupanda nalo ngazi bila kupumzika, lakini magoti yalishasema basi. Daktari wa hapa Louisville aliyatazama kwenye picha, akaniuliza nimecheza mpira wa namna gani. Nikamwambia sijacheza mpira, nimelaza mazulia. Akatazama tena. Akasema nisipige goti tena isipokuwa kwa maombi, na hata maombi ni afadhali niyafanye nimekaa.

Bon, nimekaa. Na ninyi vijana mnaobaki na magari yangu na visu vyangu mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Habari ya vyeo msiitafute humu, maana cheo nilijipa mwenyewe siku niliyobandika jina langu kwenye mlango wa gari. Shule niliacha darasa la nne, kule milimani juu ya Uvira, kwa sababu ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu. Halafu nimefungua kazi Louisville, nikafungua Columbus, nikafungua Buffalo. Kama mnamjua mtu mwingine wa milima yetu aliyefanya hivyo kwa darasa la nne, mnitajie. Nangoja.

Lakini nikikaa hapa na kukumbuka, kampuni yangu hainishangazi. Nilijua itakua. Kinachonishangaza mpaka leo ni dola la Waajemi wa kale, ambalo sikulisoma popote. Nililijua nikiwa chini sakafuni, nchi moja baada ya nyingine, kutoka mdomoni mwa mtu aliyenifundisha kazi. Na kazi yangu ya mwisho kabisa, ile iliyomaliza magoti, ilikuwa kumwonyesha mtu huyo dola lake wakati macho yake yalikuwa yamekwisha zimika. Niliahidi mbele ya binti yake. Mnanijua, mimi nikiahidi kitu nakisema kwa sauti kubwa, halafu ndipo nawaza namna.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Bahram, fundi zulia, mtu wa Shirazi. Nilipofika Louisville tulipewa nyumba Beechmont, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghala, kupanga maboksi kama watu wote. Sikukataa, lakini mimi si mtu wa kupanga maboksi. Nikasikia kuna mzee wa Iran kule South End anatafuta mikono. Nikapanda basi. Nikamkuta nyuma ya gari lake akikata zulia kwa kisu kidogo, sigara mdomoni haijawashwa. Tulikuwa watu watatu tulioitaka kazi. Hakutuuliza makaratasi. Alitupa kipande cha zulia la kijivu chini ya miguu yetu, akasema kwa Kiingereza chetu kile cha kuungaunga:

"Hili zulia linatazama wapi?"

Wenzangu wakainama, wakatazama. Mmoja akaonyesha upande wenye jua. Mimi nikachuchumaa, nikafumba macho, nikapitisha kiganja.

"Linatazama kwako, mzee."

"Umejuaje?"

"Ng'ombe naye ana mbele na nyuma hata ukifumba macho. Ukimpapasa kuelekea mkia, manyoya yanalala. Ukimpapasa kuelekea kichwa, yanasimama, naye anakuchukia."

Akaitoa sigara mdomoni. "Wewe ni mchungaji?"

"Wa ng'ombe wazuri."

"Koreshi pia, wanasema, alilelewa na mchungaji," akasema, na wale wawili akawarudisha nyumbani.

Hilo ndilo somo la kwanza na ninyi nyote mmelisikia kwangu mpaka mmechoka: manyoya ya zulia yana upande. Mwanga ukiyakuta yamelala kuelekea kwako, zulia linakuwa jeusi. Yakilala kwenda mbali nawe, linang'aa kama limefifia. Vipande viwili vya rola moja, rangi moja, ukigeuza kimoja, mwenye nyumba ataapa umemletea mazulia mawili. Hakuna kosa la aibu zaidi. Fundi anayegeuza manyoya ni sawa na mpishi anayeweka chumvi kwenye chai.

Koreshi nilimjua. Kanisani kwetu si mgeni, ndiye mfalme wa mataifa aliyewaambia wafungwa wa Babeli, nendeni kwenu. Sisi tuliokaa kambini miaka, jina hilo hatulipiti tu. Tulikuwa tunaliombea. Tulikuwa tunauliza Mungu, Koreshi wetu yuko wapi? Lakini kwamba Koreshi alikuwa mtu wa mahali, mwenye kabila, mwenye babu, mwenye baridi miguuni, hilo sikuwahi kuliwaza. Mzee Bahram ndiye aliyenionyesha, siku yangu ya kwanza, ndani ya kabati la nguo.

Tulikuwa tunalaza zulia nyumba nzima. Akanitia kwenye kabati kwa sababu kabati ndiko anakoanzia mwanafunzi: kakosea, nguo zitafunika. Nikiwa nimejikunja mle na kisukumio, kile chuma chenye meno unachokipiga kwa goti ili zulia livutike mpaka ukutani, yeye akakaa mlangoni akasema:

"Unaona ukubwa wa hapo ulipo? Anshani ilikuwa hivyo. Ufalme mdogo wa milimani. Koreshi alianzia hapo, na juu yake kulikuwa na Wamedi, wenye farasi, wenye kila kitu. Wamedi ndio hicho chumba cha kulala."

"Sasa akafanyaje?"

"Mfalme wa Wamedi akatuma jeshi limkamate. Jeshi likageuka. Likamkamata mfalme wake lenyewe, likampelekea Koreshi mkononi."

Nikaacha kupiga goti. "Jeshi lake mwenyewe?"

"Lake mwenyewe. Piga, piga, usilegeze. Na Koreshi hakumwua yule mfalme. Akamweka nyumbani kwake, wakala pamoja."

Niliketi mle kabatini na jasho langu. Sisi kwetu tumeona majeshi yakigeuka, nyote mnajua. Lakini hatujaona mshindi anayemwekea sahani mtu aliyetaka kumwua. Nilitoka kabatini nikaingia chumba cha kulala kwa adabu, kama mtu anayeingia Umedi.

Na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Kila nyumba na nchi yake. Nchi ya Lidia aliniambia mwezi wa kwanza, theluji imefika magotini, hita ya gari imekufa, sisi wawili tunapuliza vidole. Mfalme wa Lidia alikuwa tajiri kupita wafalme wote. Akavuka mto, akapigana na Koreshi, hakuna aliyeshinda, baridi ikaja. Mtu wa Lidia akasema, vita vina majira yake, tutaendelea mvua za baridi zikiisha. Akawaruhusu askari wa kukodi warudi kwao.

"Na Koreshi?"

"Koreshi hakurudi kwake. Alimfuata palepale, katika baridi. Yule amefika mji wake wa Sardi, hajavua vizuri viatu, anatazama dirishani: Waajemi hao."

"Na farasi wa Lidia?"

"Walikuwa farasi bora duniani. Koreshi akawatanguliza ngamia wa mizigo. Farasi wakasikia ile harufu, wakageuka."

Hilo mimi nilimthibitishia. Nikamwambia, mzee, hiyo ni kweli kabisa, nimeona ng'ombe wetu wakikataa njia kwa sababu chui alipita hapo jana yake, na hakuna fimbo ya kuwapitisha. Huyo Koreshi kweli alilelewa na mchungaji. Mzee Bahram alicheka mpaka miwani yake ikapata ukungu. Siku ile sikuhisi baridi. Nilikuwa nalaza zulia la sebule ya watu wa South End, lakini rohoni nilikuwa natembea kutoka milima ile mpaka bahari ya Wayunani, na kila nikipiga kisukumio, nchi ilikuwa inavutika.

Babeli alinipa siku tuliyolaza chumba cha kanisa letu Beechmont. Mama wa kwaya walikuwa wanafanya mazoezi pembeni. Nikawatafsiria alivyokuwa anasema: mji wenye kuta ambazo gari lingeweza kupita juu yake, umefunguka karibu bila vita. Na mwenye mji mpya hakuvunja hekalu lao. Aliwaachia miungu yao, akawaruhusu watu waliohamishwa warudi makwao. Mama mmoja wa alto aliniuliza, "Huyu mzee wa Iran anajua Koreshi wetu?" Nikamwambia, mama, Koreshi ni wake, sisi tumemwazima. Halafu wakamletea chai na maandazi, wakamwita baba.

Miaka ikaenda. Nikawa fundi kamili, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupanuka, nikafungua kazi Columbus pamoja na Enoki, mdogo wa mke wangu, ambaye wengi wenu mnamwogopa. Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa ukumbi mkubwa wa mikutano wenye ngazi za mviringo. Ngazi za mviringo ni mtihani: kila kidato kina umbo lake na zulia linataka kujikunja panapo upana mdogo. Kiburi changu chote nikakiweka mfukoni, nikampigia Mzee Bahram. Akapanda gari langu kutoka Louisville.

Njiani akanipa Dario. Tuko barabara kuu, malori kushoto na kulia, naye anasema, "Kambise mwana wa Koreshi aliongeza Misri. Halafu akafa njiani, na dola lote likaasi. Babeli, Umedi, Elamu, hata Uajemi wenyewe. Unajua kulaza zulia, Sadoki jan" (jan ni neno lao la upendo) "lakini unajua kulirudisha likishang'oka pande zote kwa wakati mmoja? Dario alizunguka pembe moja baada ya nyingine, akalipigilia tena. Kisha akaongeza. Mashariki mpaka mto wa Bara Hindi. Magharibi akavuka bahari nyembamba mpaka Thrakia."

"Mtu mmoja anatawalaje yote hayo? Mimi Columbus na Louisville tu zinaniua."

"Barabara," akasema, akigonga kioo. "Kama hii. Kutoka Sardi mpaka Shushani. Vituo, farasi wapya, mjumbe anampa mjumbe. Theluji, mvua, jua, barua haisimami."

Nilitazama barabara ile, ambayo nilikuwa nimeipita mara nyingi nikilaani foleni zake, nikaiheshimu. Naapa niliiheshimu.

Ngazi tulizimaliza, na ni nzuri mpaka leo, nendeni mkaone. Lakini hapo ndipo nilipoona kitu kingine. Tulikuwa tunaunganisha vipande kwa pasi, ile inayoyeyusha gundi ya utepe chini ya mshono. Mzee Bahram akanyoosha mkono kutafuta kisu. Kisu kilikuwa mbele yake, juu ya zulia jekundu, kinang'aa. Mkono ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia. Nikakisogeza kwa kidole mpaka kikamgusa.

"Nimeona ulivyofanya," akasema.

"Sikufanya kitu, mzee."

"Ni sukari. Macho yangu yameanza kuasi, jimbo moja moja. Na mimi si Dario."

Baada ya hapo alihamia Buffalo kwa binti yake. Watu husema nilifungua kazi Buffalo kwa sababu soko lilikuwa zuri. Waacheni waseme hivyo.

Binti yake ni Bi Parvin, mwalimu, mtu wa sauti ndogo na maneno yaliyonyooka. Alikuwa amepata chumba kikubwa kilichokuwa duka la viatu, kule Kensington-Bailey, barabarani Bailey kwenyewe, ili Jumamosi awafundishe watoto wa Kiajemi lugha yao na historia yao. Aliniita nimlazie zulia. Alitaka juu yake aweke ramani ya dola la kale, ya kuchapwa, yenye rangi nyingi. Nikamuuliza baba yake anasemaje.

"Baba hasemi. Anakaa dirishani. Nilimwambia aje achague rangi, akanijibu, ramani ya nini kwa kipofu? Hajagusa sakafu tangu macho yalipokwisha."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoenda kabla yangu. "Dada, usichape kitu. Nitakulazia ramani ambayo baba yako ataiona."

"Ataionaje?"

"Hiyo niachie mimi."

Enoki alinivuta mpaka nje. "Shemeji, weye umeahidi nini tena? Daktari alisema usipige goti."

"Alisema baada ya hii."

"Hakusema baada ya hii!"

"Alikuwa anaharakisha. Leta rola la bluu. Moja tu."

Nilikuwa nimeshaona namna. Zulia la rangi moja, rola moja. Dunia nzima nalaza manyoya yakitazama mlango wa mbele. Dola nalaza yakitazama mlango wa nyuma. Lile kosa la aibu, nalifanya kwa makusudi, kwa umbo la Uajemi. Mwenye macho ataliona kwa mwanga. Asiye na macho ana miguu, na mtu aliyenifundisha kupapasa zulia alikuwa na kiganja bora kuliko changu. Nasema hivyo mimi, ambaye sipendi kusema hivyo.

Bi Parvin alituchorea mipaka kwa chaki sakafuni kutoka kwenye ramani ya vitabu vyake, akaenda shuleni kwake. Hakuna fundi duniani anayeanza katikati ya chumba, unaanza ukutani. Sisi tulianza katikati, kwa sababu dola lilianza katikati. Nikabandika Anshani kwa gundi, kipande kama mlango wa kabati. Nikaweka Umedi juu yake. Nikaenda Lidia mpaka bahari, Babeli, nikarudi mashariki ambako Koreshi alipigana mpaka akafia huko, mbali, ng'ambo ya mito. Nikashuka Misri ya Kambise, nikanyoosha Bara Hindi ya Dario, nikavuka Thrakia. Na jambo lililoniumiza kuliko magoti: mishono yangu haionekani, hiyo inajulikana miji mitatu. Hapa ilibidi niache mpaka wa kila nchi ili uweze kuusikia kwa kidole.

"Watu watasema hatujui kazi," Enoki akalalamika.

"Watu watasema huu ni mpaka wa Lidia. Bandika."

Nilikuwa natambaa tu, kusimama nilikuwa siwezi tena bila Enoki. Lakini sikilizeni, nyinyi. Nimelala kifudifudi juu ya nchi zile nikaona kwa mwili wangu ukubwa wake. Mwanamume mmoja alitoka kabatini, na katika maisha ya wanawe na waliomfuata karibu, dola lilifika pale ambapo mimi nilikuwa nimechoka kwa kutambaa tu. Na wao hawakutambaa kwenye zulia. Ilikuwa milima, jangwa, theluji. Nikaweka kisu chini, nikalala palepale. Enoki akadhani nimezimia.

Tulipofika kusini mwa Misri, chaki ya Bi Parvin ilisimama. Mimi sikusimama. Kanisani sisi sote tunajua mfalme yule wa Waajemi wa kwenye Biblia alitawala toka Bara Hindi mpaka Kushi, nchi ya watu weusi, hata mtoto wa Jumapili atakwambia. Nikasema dada amesahau. Nikakata kipande kirefu, nikakiteremsha kufuata mto, mpaka kona.

"Ukiendelea hivyo utatufikisha Uvira," Enoki akasema.

"Ingekuwa heshima."

Jumamosi asubuhi, kabla ya watoto, Bi Parvin alimleta. Alikuwa amekonda, lakini kofia ileile. Alisimama mlangoni akanusa.

"Gundi," akasema. "Sadoki, mambo ya gundi ni ya ofisini. Nilikufundisha kuvuta."

"Vua viatu, mzee."

"Kwa nini?"

"Unaingia kwa mfalme."

Akavua, kwa manung'uniko, na soksi nazo. Akapiga hatua, moja, nyingine, mkono kwenye bega la binti yake. Kisha mguu ukavuka mstari. Akasimama. Akaurudisha mguu. Akauvusha tena. Uso wake ukabadilika, na ulikuwa wa hasira.

"Umegeuza manyoya! Sadoki! Katikati ya chumba! Miaka yote nimekufundisha nini?"

Bi Parvin alinitazama. Enoki alitazama dari. Mimi sikuwa nimefikiria hilo, kwamba kwa fundi kitu cha kwanza ni kosa, si ramani. Ningeweza kumwambia. Lakini ukimwambia mtu, hajaona.

"Chuchumaa upapase, mzee. Kama nimekosea nichape."

Ilimchukua muda kushuka. Akaweka kiganja. Akakipeleka kando ya mstari, polepole, kikapinda, kikaingia, kikatoka. Akafuata. Akaanza kutambaa. Kiganja kikapata mshono, kikapata mwingine, na katikati kikakuta kile kipande kidogo, akakizunguka kwa kidole pande zote nne.

"Kabati," akasema.

Akakizunguka tena kwa kidole.

"Hii ni kabati. Parvin! Hii ni Anshani!" Na hapo akaenda, siwezi kuandika alivyoenda. Mzee ambaye hakugusa sakafu alitambaa kama mtoto anayemkimbilia mama. Umedi! Akapiga kwa kiganja. Akaenda mpaka Sardi, akaniita kwa kicheko, "Ngamia, Sadoki jan, ngamia!" Babeli akaipitia kwa mikono miwili. Alipofika kule mashariki alikofia Koreshi alilala kidogo, shavu chini, binti yake akajifunika mdomo kwa kitambaa. Na Enoki, yule mnayemwogopa, alitoka nje kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo.

Kisha akateremka Misri. Akateremka zaidi. Na zaidi. Kiganja kikasimama.

"Nani amemfikisha Dario huku?"

"Ni Kushi, mzee. Kanisani tunajua."

"Chaki yangu haikufika hapo," Bi Parvin akasema kwa ile sauti ndogo.

"Kambise alijaribu," mzee akasema. Alikuwa amekaa sasa, miguu mbele, kofia imeenda upande. "Chakula cha jeshi kiliisha, wakala majani, wakarudi. Watu wa huko hawakuwa jimbo. Wale wa karibu na Misri walikuwa wanamletea mfalme zawadi: dhahabu kidogo, miti ya mpingo, pembe. Kodi hawakulipa."

"Basi nikiondoe," nikasema. Sitawaficha, iliniuma. Nilitaka watu weusi wawemo katika jambo kubwa lile. "Nikigeuze kama dunia nyingine."

Akapapasa kipande changu, mbele na nyuma, kama anayepapasa shingo ya mnyama.

"Hapana. Dunia nyingine haikuleta zawadi. Laza upande."

Nilimwelewa palepale, fundi kwa fundi. Manyoya yasitazame mlango wa mbele wala wa nyuma. Yatazame ukuta. Bi Parvin akasema kesho, Enoki akarudi akasema atafanya yeye. Nikawaambia wakae pembeni. Nikapiga goti. Nikang'oa Kushi kabla gundi haijakauka vizuri, nikailaza kama kiolezo juu ya mgongo wa kipande kipya, nikakata kwa nyuma kama inavyopaswa. Mzee Bahram alishika ncha ya pili bila kuulizwa. Nikausukuma mshono ukafunga, na goti la kulia likatoa sauti ambayo Enoki aliisikia kutoka mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tulisimama kwa kushikana, mimi na yeye, na sijui ni nani aliyemwinua mwenzake.

Mkienda Buffalo, ingieni pale Bailey, mwombeni Bi Parvin awafungulie. Simameni mlango wa mbele, mtaona dola limeng'aa na dunia imekuwa nyeusi. Zungukeni mlango wa nyuma, dola linageuka jeusi, dunia inang'aa. Kipande cha Kushi peke yake hakibadiliki, msimame mnapotaka.